Tuta la Matopeni na Pengo Alilolala Karisa

Matopeni, ng'ambo ya Sabaki
Aprili 1986

Kwa dada yangu Kadzo, uliyenibeba mgongoni kabla sijajua kutembea,

Shikamoo dada. Ni mimi nduguyo Jefwa, na mwandiko huu ni wangu, sikuandikiwa na mtu. Huku wapo waliomaliza darasa la saba na bado huja mlangoni kwangu na kalamu niwaandikie, kwa sababu mimi darasa langu la nne nililisoma lote, wao yale saba yao waliyapita mbio. Sidi mpwa wangu, najua ni wewe unayemsomea mama. Soma polepole, usimeze maneno, na mahali nilipotukana usipunguze.

Habari za huko? Miguu imeacha kuvimba, au bado waiweka kwenye maji ya chumvi kila jioni? Yule mbuzi mweusi amezaa? Mvua je, imeshuka huko Mariakani au ni yale mawingu yenu ya kupita tu, yakaenda kunyesha kwa wengine? Sisi tunapumua. Wifi yako Dama anakusalimu, na amesema nimtaje mapema, nisimwache mwisho kama mtu wa kufunga mlango. Mimi nina majeraha mawili matatu ambayo utayasikia mbele. Usianze kulia, maiti haandiki barua.

Barua yako ilinifikia kwa dereva wa lori la maziwa, akamwachia mwenye duka wa pale darajani. Nimeisoma mpaka nimeikariri. Unasema shemeji yako Mramba ataka kukurithi kama jembe la marehemu, na ulipokataa akang'oa mlango wa nyumba yako, akaenda nao kwake, na sasa mnalala na nyumba iko wazi kama kinywa cha mlevi. Unasema amekupa mpaka mvua ikolee: uwe umekubali, au uwe umeondoka na watoto. Na mwisho umeniuliza neno moja. Kile kipande cha ardhi nilichosema nimekushikia huku Matopeni, kipo au ni maneno yangu?

Dada, swali lako ni fupi, lakini jibu lake halipiti mlangoni bila kuinama. Kabla ya kukujibu nataka uijue ardhi yenyewe ilivyopatikana, maana hii si ardhi ya kupewa. Hii tulimnyang'anya bahari kwa ngumi, naye bahari hasamehi.

Unakumbuka nilipokuwa kwenye shamba la mikorosho la yule bwana, tulipokaa wengi bila karatasi? Siku alipotaka kuliuza, askari wake walikuja asubuhi watu wakiwa bado wanachemsha uji. Makuti yalishika moto kabla vyungu havijaipuliwa. Mimi niliwatupa wawili kisimani, na wa tatu alikimbia akaacha kofia yake, ninayo mpaka leo, kuku hutagia. Lakini nyumba ni makuti, haigombani na kiberiti. Tukatoka na vichwa vyetu. Mzee Fondo, mtu mfupi mwenye sauti ya ng'ombe dume, ndiye aliyetukusanya kule kwenye vilima vya mchanga, akaonyesha kwa fimbo kule chini kwenye matope, akasema, "Kila ardhi kavu ina mwenyewe. Ile iliyo chini ya maji haijaulizwa na mtu."

Tukamcheka. Haki ya Mungu tulimcheka. Kulikuwa na tope jekundu la kumeza ng'ombe, mikoko, kaa, na bahari ikiingia mara mbili kila siku kuhesabu vitu vyake. Lakini Mzee Fondo hakuwa mjinga. Tope lile ni udongo wa bara unaoletwa na mto. Mvua ikinyesha Ukambani, shamba la mtu linatembea, linapita Sabaki, linakuja kulala mlangoni kwetu. Tulichotakiwa kufanya ni kumzuia bahari asilichukue tena. Kwa hiyo mimi hulima shamba la Mkamba bila ya yeye kujua, na siku akija kudai nitampa kikombe cha chai.

Basi tukajenga tuta. Tope, fito za mikoko, magogo ya minazi, tope tena. Udongo tulishindilia kwa michi kama mtu anavyoshindilia sakafu, mpaka ukitupa nazi juu yake inadunda. Chini tulilaza gogo la mnazi lililotobolewa, lenye kifuniko cha ubao upande wa bahari: maji yakipwa linafunguka lenyewe na kutoa maji ya shamba, yakijaa linafungwa. Viboko walikuja wakatuvunjia kazi. Mmoja nilimpiga mchi wa pua, akapiga chafya ya kumwangusha Dama, na yeye alikuwa amesimama mbali. Dama asema hakuanguka kwa chafya, alijikwaa. Mwache.

Na sheria ya Mzee Fondo ilikuwa hii, shika sana dada, maana ndiyo inayokuhusu: urefu wa tuta uliojenga ndio upana wa shamba lako nyuma yake. Unalilinda mwenyewe, unalishindilia mwenyewe kila baada ya mvua. Likivunjika kwako, shamba si lako tena, kwa sababu umewazamisha wenzako.

Likabaki pengo moja, katikati, ambapo maji yote ya bahari yalipita yamebanwa, kwa kishindo. Mkondo wake ungeweza kumng'oa mtu meno. Tukangoja maji mafu, siku ambazo bahari inajaa kivivu, tukaingia pengoni wanaume, bega kwa bega, mikeka imefungwa migongoni mwetu. Sisi ndio tuliokuwa ukuta. Nyuma yetu wanawake wakamwaga tope vikapu kwa vikapu, haraka, liinuke kabla maji hayajapanda. Mimi nilikuwa katikati, mahali pabaya kuliko pote. Kushoto kwangu Karisa, kijana wa watu, mcheshi, mwenye mwanya wa meno. Kushoto kwa Karisa kaka yake, Mwaro.

Maji yakatupanda kifuani. Karisa akanambia, "Jefwa, wewe una tumbo kubwa, simama mbele, sisi tujifiche." Nikamwambia, "Hili tumbo ndilo litakalokulisha wali." Hatukumaliza kucheka. Gogo la mkoko lilikuja na mkondo chini ya maji, likampiga Karisa tumboni kama pembe ya nyati. Akainama, akazama, mguu wake ukanasa kwenye fito. Nilimpata nywele. Dada, nilimshika nywele zile nikavuta mpaka zikabaki mkononi.

Mwaro akapiga ukelele, akataka kutoka kwenye mstari apige mbizi. Mzee Fondo alikuwa juu ya tuta na panga. Akanguruma, "Atakayetoka nitamkata kabla bahari haijamkata! Wanawake, mwageni!" Maana tungefungua bega moja tu, mstari wote ungekwenda, na wale wanawake nyuma yetu wangekwenda pia, wamo shimoni hawana pa kukimbilia. Wakamwaga. Walilia na wakamwaga. Maji yalipopwa tuta lilikuwa limekutana, na Karisa alikuwa ndani yake.

Mwaro alianza kulifukua kwa kucha. Tukimwacha, bahari inayofuata inaingia na kufa kwa nduguye kunakuwa bure. Tulimkamata wanaume wengi, akatuuma, akatupiga mateke, tukamfunga kwenye mnazi mpaka maji yakaja, yakapiga tuta, yakashindwa, yakarudi. Fundo nilifunga mimi. Na ukiniuliza leo nitakwambia ningelifunga tena.

Ndivyo Matopeni ilivyozaliwa. Hakuna aliyeimba.

Basi mvua zikaosha chumvi, shamba likaota ndago, likaota kila jani lisilo na maana, na mwishowe mpunga ukakubali. Mwaka ule wa njaa, nchi nzima inapanga foleni kwa mahindi ya njano, sisi tulikula wali mweupe mpaka paka wetu wakanenepa, na watu wa Malindi mjini walikuja mpaka hapa na magunia wakituita "waheshimiwa".

Lakini shamba lililo nyuma ya lile pengo halikuwa na mtu. Kwa haki lilikuwa la Mwaro. Mzee Fondo akampa, Mwaro akatema mate, akasema, "Siwezi kula wali unaoota kwenye ubavu wa ndugu yangu." Wengine wote wakatazama miguu yao. Nikasimama mimi, nikasema, "Andikeni dada yangu Kadzo. Mumewe anakohoa, hatamaliza mwaka, na ndugu za mumewe nawajua." Hivyo ndivyo ulivyopata shamba, dada, na ni shamba pana kuliko langu. Nimekulindia kila msimu. Kwa hiyo hukudanganywa. Lilikuwapo.

Sasa sikiliza jinsi tulivyokosea, sisi watu wa Matopeni wote na akili zetu.

Mwaro alichonga koma, nguzo ya kumkumbuka marehemu, ya mti wa mkoko, akaisimika juu ya tuta pale alipolala nduguye, akaivisha kitambaa cheusi na chekundu kama desturi. Akawa anakuja kumlisha: tembo la mnazi kidogo, unga kidogo, maneno kidogo. Nani angemkataza? Na kwa kuwa ni kaburi, hakuna aliyeinua mchi hapo. Tuta lote tulilishindilia kila baada ya mvua, tukifika kwa Karisa tunavua kofia na kuruka. Utampigaje maiti kwa mchi wa kutwangia?

Dama ndiye aliyeona kwanza. Alikuwa akipita na kuni, akaja akanambia, "Baba Sidi wa wenyewe" (hivyo ndivyo anavyoniita akitaka kunichokoza, kwa kuwa watoto wa dada yangu nawataja kuliko wangu), "yule Mwaro hamlishi nduguye. Anafuga kaa."

"Kaa gani?"

"Nenda ukatazame. Akimwaga tu unga, wanatoka kama harusi. Wamejichimbia nyumba tuta zima, wameoa, wamezaa."

Nikaenda. Dada, tuta lilikuwa kama chujio la nazi. Na upande wa ndani, kwako, mahali pakavu bila mvua, maji yalikuwa yanatoka kimya kimya kama jasho. Nikayaonja. Chumvi.

Nikaliweka kwa wazee. Nikasema bamvua kubwa la mwezi wa tatu linakuja, bahari itaingia na vyombo vyake vyote, tumtoe Karisa tumzike mchangani juu kwa heshima, pengo tulishindilie upya. Mzee Fondo siku hizi macho yamefunga na ile sauti ya ng'ombe dume imekuwa ya ndama. Akasema, "Mwenye maiti ni Mwaro. Muulizeni." Mwaro hakungoja kuulizwa. Akasimama akasema mbele ya wote, "Mara ya kwanza mlinifunga kamba. Mara hii njooni na jeneza."

Wakaogopa. Mimi nilikaa nikifikiria barua yako, maana ndiyo siku niliyoipata. Nikaona ule mlango uliong'olewa. Nikajiambia, Jefwa, huyu hana mlango kule, na huku unamwachia kaa wamlie ukuta.

Asubuhi ya bamvua, jua limetoka, maji yamepwa mbali, nilichukua mchi na jembe nikaenda. Mwaro alikuwa ameketi pale pale, panga magotini, kama aliyenialika.

"Jirani wa maiti," akasema, "umekuja kutwanga nini?"

"Nimekuja kumtoa Karisa kabla bahari haijamtoa."

"Ulimshika nywele ukamwachilia."

"Zilikatika, Mwaro."

"Zilikatika! Mtu mzima mwenye mikono kama makasia, unaangusha viboko kwa mchi, kila mtu amechoka kuzisikia hadithi zako, na ukashindwa na nywele za mtoto?"

Dada, maneno mengine hayajibiwi kwa maneno. Nikaisukuma ile koma kwa mguu. Sikuipiga, niliisukuma. Akaja na panga. Pigo la kwanza lilikata mpini wa jembe kama muwa. La pili niliinama, likachana shati na ngozi ya mgongo, Dama ameishona. Nikampa mchi mbavuni, nikasikia zikilia kama kuni kavu. Mtu mwingine angelala. Mwaro alinikumbatia, tukaanguka juu ya kaburi la nduguye, tukafinyangana kama watoto wa simba, tope machoni, tope mdomoni, na akanipata sikio la kushoto. Hakuliuma, dada. Alilichukua. Nilimwona analitema. Nami nikampiga ngumi nikamwachisha meno ya mbele, ili tusidaiane.

Hatukuyaona maji yakija. Bamvua haliji kwa hodi. Nilichosikia ni tuta likikohoa chini ya mgongo wangu. Likakohoa mara nyingine, likafunguka. Tukaanguka pamoja ndani, na bahari ikapita juu yetu kuingia shambani kwako.

Niliinuka nikiwa nimeshika mti mmoja uliosimama kando ya lile gogo la kutolea maji. Mwaro aliibuka karibu yangu, akapiga kelele, lakini hakuomba msaada. Alikuwa ameuona mguu. Mfupa wa mguu, umekuwa wa kahawia kama mzizi, umetokeza kwenye tope lililokatika. Akapiga mbizi. Akaibuka na mfupa, akauweka kifuani, akapiga mbizi tena. Mkondo ulimvuta kama unavyovuta jani. Nilimdaka kikoi chake, nikakizungushia mkono, mkono mwingine kwenye ule mti. Yeye akizama, mimi nikishika. Yeye akizama, mimi nikishika. Damu yangu inaingia jichoni. Mkono ukaniambia, mwachilie, ndiye aliyekula sikio lako. Nikaukatalia. Nywele zilikatika mara moja. Kikoi hakikukatika.

Watu walipokuja na makelele na vikapu, bahari ilikuwa imeshinda. Mpunga wote wa Matopeni ulikuwa chini ya maji, unapunga mkono. Mwaro alitoka na taya, na mifupa ya miguu, na ya mkono mmoja, ameifunga kwenye shati lake. Akakaa mchangani akaipanga, akaanza kulia kwa ule mdomo usio na meno, na mimi nikakaa pembeni yake. Dama alifika, akanitazama, akafunga mikono kiunoni. "Haya, bingwa," akasema, "umeshinda nini? Umeshinda sikio." Kisha akachana leso yake mpya akanifunga kichwa.

Askari wa chifu walifika mchana. Mmoja, kijana wa bara, akamuuliza Mwaro, "Nani amekuvunja mbavu?" Mwaro akasema, "Kiboko." Yule askari akanigeukia mimi. "Na wewe, sikio?" Nikasema, "Kiboko yuleyule." Akanisogelea akatazama zile alama. "Kiboko gani huyu mwenye meno madogo hivi?" Mwaro akajibu bila kutabasamu, "Alikuwa bado ananyonya." Wakaandika kiboko, wakala nazi, wakaenda.

Karisa tumemzika juu kwenye vilima vya mchanga, pakavu. Mwaro mwenyewe alichimba, kwa mkono mmoja, amefungwa mbavu. Nilimshikia taa ya machozi yake, yaani nilikaa kimya, nawe wajua kukaa kimya kwangu ni kazi ya wanaume wanne.

Baadaye wazee wakaketi. Hapa Sidi soma kwa sauti. Fulani mmoja, simtaji, ana shamba jembamba na jicho pana, akasimama akasema, "Sheria ni sheria. Tuta limevunjika kwa Kadzo. Shamba si lake. Na huyo Kadzo mwenyewe ni nani? Hatujawahi kumwona. Hajawahi kubeba hata kikapu kimoja." Wengi wakaitikia. Wamepoteza mpunga, wana hasira, wanataka mtu wa kulipia. Mimi nilisema maneno mazuri sana, marefu, lakini nilivyozidi kusema ndivyo walivyozidi kutikisa vichwa.

Ndipo Mwaro akainuka, polepole, ameshika ubavu. Akasema, "Tuta halikuvunjika kwa Kadzo. Limevunjika kwa ndugu yangu, na kwa unga wangu, na kwa adabu yenu ninyi nyote mlioruka bila kushindilia. Mkitaka kumnyang'anya mtu, anzeni na mimi. Yule mama mwacheni na shamba lake." Akakaa.

Mzee Fondo akasema neno la mwisho, na neno lake nakuletea kama lilivyo. Shamba ni lako. Lakini pengo lazima lifungwe upya, kama mara ya kwanza, kwa mabega, na kila mwenye shamba asimame mwenyewe. Mwanamume kwa mwanamke, mara hii hakuna wa kubaki nyuma na kikapu tu. Nikasema, "Dada yangu nitamsimamia mimi." Akacheka na macho yake yaliyofunga. "Jefwa," akasema, "kwa maneno wewe ni kijiji kizima. Kwa mabega ni mtu mmoja. Aje mwenyewe, au shamba lirudi kwa watu."

Basi hilo ndilo jibu, dada. Kipo. Lakini kwa sasa kiko chini ya maji ya chumvi, na mpunga wa mwaka huu usahau, na pengine wa mwaka ujao, mpaka mvua zikioshe. Tutakula mihogo na samaki, na kwangu kuna chumba chenye mlango. Sitakwambia usiogope. Mimi mwenyewe, usimwonyeshe mtu sentensi hii, nikipita pale pengoni sipitii karibu.

Tazama mwezi. Tutafunga kwenye maji mafu, mwezi mkubwa ukishapita na kubaki nusu. Kabla haujafika nusu uwe umeshavuka kivuko cha Kilifi. Usije na vyombo, njoo na watoto, jembe na kikapu chenye mikono imara. Mramba akikuzuia njiani, mwambie una ndugu mwenye sikio moja anayekuja kuchukua ule mlango, naye haji peke yake. Mwaro amesema atanisindikiza. Amesema anataka kumwona huyo mtu anayeng'oa milango ya wajane.

Nisalimie mama mkwe wako, yeye hana kosa. Nisalimie shangazi Sidi mzee, mwambie dawa ya kidonda aliyonifundisha imefanya kazi. Nisalimie yule jirani yako mwenye redio, aliyenipa kiti siku ya matanga ya shemeji, na mwalimu wa kanisani aliyewasomesha watoto. Na wewe Sidi uliyesoma mpaka hapa, mpe mama maji anywe.

Dada, mstari tumeshaupanga. Mimi niko palepale katikati. Mahali pa Karisa pamebaki wazi, nimewaambia ni pako. Utasimama kati yangu na Mwaro.

Ni mimi ndugu yako wa tumbo moja,
Jefwa
Matopeni